Je, mtu wa pango la Mota ni babu yetu wa kuumeni?

SWALI: Mhariri, mwanangu aliye chuoni ameniambia kwamba mwanamume wa kale aliyefukuliwa katika milima ya Ethiopia ana ukoo wa kuumeni mmoja na sisi Wabantu. Je, ni babu yetu?
Msomaji, Mbeya.

JIBU: Ndugu msomaji, huyo si babu. Uhusiano wake na wanaume wengi wa Kibantu unafanana na ule wa watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, isipokuwa ndugu hao wawili walitengana maelfu mengi ya miaka kabla yeye hajazaliwa.

Mwanamume huyo alizikwa miaka 4,500 hivi iliyopita katika pango la Mota, kwenye nyanda za juu za Wagamo, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Alifukuliwa mwaka 2012 akapewa jina Bayira, yaani kifungua mimba kwa Kigamo, na mwaka 2015 vinasaba vyake, vilivyohifadhika ndani ya mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, vikawa vya kwanza vya Mwafrika wa kale kusomwa vyote.

Kromosomu Y, yaani fungu la vinasaba walilo nalo wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika, na hitilafu chache zinazojitokeza katika kunakiliwa kwake ndizo alama za koo. Alama iitwayo V38 ina matawi mawili: M2, walilo nalo wanaume wengi wanaozungumza lugha za Kibantu, na M329, ambalo ndilo la Bayira na ambalo leo hupatikana zaidi Ethiopia. Mwanao, basi, amelitaja shina akalisahau tawi.

Naomba pia tusiupe ukoo wa kuumeni uzito usio wake. Ukirudi nyuma vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na kromosomu Y humzungumzia mmoja tu kati yao. Vinasaba vyote vya Bayira vilipolinganishwa na vya watu walio hai, waliomkaribia zaidi walikuwa Waari, ambao nao wanaishi kusini-magharibi mwa Ethiopia.

Ukikuta maandishi yasemayo kwamba utafiti huo wa 2015 wa vinasaba vya Bayira ulithibitisha damu ya Ulaya na Asia kuenea Afrika nzima, hadi kwa Wayoruba wa Afrika Magharibi na Wambuti wa misitu ya Kongo, usiyategemee: mwaka 2016 watafiti wenyewe walitangaza kwamba hitimisho hilo lilitokana na kosa la kuchakata data kwenye kompyuta, wakabakiza dai la mchanganyiko huo kwa Afrika Mashariki.