Methani moja, majibu matatu: tuandike lipi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha sita hapa Tabora, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Tulipewa kazi ya kukokotoa badiliko la enthalpi (joto linaloingia au kutoka) la mwako wa gesi ya methani. Kwa jedwali la enthalpi za uundaji (joto la kuunda kitu kutoka kwenye elementi zake) mimi nilipata kilojouli −890 kwa moli. Rafiki yangu, kwa jedwali lilelile, akapata −802. Tukajaribu kwa nishati za bondi (nishati ya kuvunja viungo kati ya atomi), tukapata −690. Tumerudia mara nne na hesabu hazina kosa. Tuandike lipi? La pili: kitabu kinasema enthalpi ya uundaji wa CO (monoksidi ya kaboni) haipimiki moja kwa moja. Kama haipimiki, hiyo −110.5 iliyoko kwenye jedwali ilitoka wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba hukuyatupa majibu mawili ukabaki na lile linalofanana na la nyuma ya kitabu. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililotoka hewani, na pengo lililopo kati ya moja na jingine linahesabika mpaka kilojouli ya mwisho.

Nianze na lako na la rafiki yako. Mlinganyo ni CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O. Katika jedwali, CH₄ ni −74.8, CO₂ ni −393.5, na oksijeni ni sifuri kwa sababu ni elementi katika hali yake ya kawaida. Ukifika kwenye H₂O, jedwali lina mistari miwili: maji ya kimiminika −285.8 na mvuke −241.8. Hapo ndipo mlipoachana.

Wewe: (−393.5) + 2(−285.8) − (−74.8) = −890.3
Rafiki yako: (−393.5) + 2(−241.8) − (−74.8) = −802.3

Tofauti ni 88. Igawe kwa moli mbili za maji, unapata 44, na hizo kilojouli 44 ndizo joto linalohitajika kugeuza moli moja ya maji kuwa mvuke katika nyuzi 25. Kwa hiyo hakuna aliyekosea hesabu. Mmejibu maswali mawili, kila mmoja lake, na aliyesababisha ni yule aliyeandika mlinganyo bila kuweka (g) ya gesi na (l) ya kimiminika. Mlinganyo usio na herufi za hali haujakamilika, nami nasema hivyo kwa walimu wenzangu kabla sijawaambia wanafunzi.

Kwenye mtihani, ukiambiwa "enthalpi sanifu ya mwako" bila maelezo mengine, andika −890, maana katika hali sanifu ya nyuzi 25 maji ni kimiminika. Lakini usimdharau rafiki yako, kwani jibu lake ndilo linalolihusu jiko. Umewahi kuinjika sufuria yenye maji ya baridi kwenye jiko la gesi ukaiona inatoka jasho kwa nje, ule mwanzo mwanzo tu? Maji hayo hayakuvuja kutoka ndani. Ni mvuke uliozaliwa na mwako, umegusa chuma cha baridi ukarudi kuwa maji, na hapo umeirudishia sufuria sehemu ya zile 44. Sufuria ikishapata moto, jasho linakauka, mvuke unapaa zake, na 88 hizo zinapotelea jikoni. Tangu hapo mpishi, kama gesi yake ni methani, anatumia 802.

Sasa hiyo −690, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi wanapoumia.

Naamini mlifanya hivi. Kuvunja: bondi nne za C–H kwa 413 na mbili za O=O kwa 498, jumla 2,648. Kuunda: bondi mbili za C=O kwa 743 na nne za O–H kwa 463, jumla 3,338. Ukitoa, 2,648 − 3,338 = −690. Hesabu ni safi kabisa. Tatizo liko kwenye 743. Namba hiyo ni wastani wa C=O katika ketoni na misombo mingine ya kaboni iliyo jamaa zake. Ndani ya CO₂, kaboni imeshikwa na oksijeni kushoto na kulia, na bondi zake ni imara zaidi. Majedwali mazuri huiwekea CO₂ mstari wake peke yake, 799. Weka hiyo: kuunda kunakuwa 1,598 + 1,852 = 3,450, na jibu linakuwa −802.

Umeona limetua wapi? Limetua kwa rafiki yako, halikuja kwako. Nishati za bondi hufafanuliwa kwa molekuli zikiwa gesi, kwa hiyo njia hii haijui kabisa kwamba mvuke unaweza kuwa maji. Ukiitaka −890, itakubidi utoe 88 kwa mkono wako.

Ila usishangilie sana kwamba zimelingana hadi tarakimu ya mwisho, maana kuna bahati ndani yake. Hiyo 413 ni wastani wa C–H katika misombo mingi. Ya methani yenyewe ni karibu 416. Na majedwali mengine huipa C=O ya CO₂ 805 badala ya 799. Namba mbili zilizo chini kidogo, moja upande wa kuvunja na nyingine upande wa kuunda, zimefutana. Ukitumia 413 pamoja na 805 utapata −814, na hutakuwa umekosea. Utakuwa umetumia wastani. Ndiyo maana mimi, nikiwa na enthalpi za uundaji mkononi, sigusi nishati za bondi. Nazitumia pale tu jedwali linaponinyima nilichokitaka.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini nimelisahihisha miaka mingi kiasi kwamba siwezi kulipita. Kwa bondi tunachukua kushoto tukitoa kulia. Kwa uundaji tunachukua kulia tukitoa kushoto. Mwanafunzi anakariri kanuni zote mbili, siku ya mtihani zinabadilishana viti, anapata methani inayofyonza joto. Usikariri. Nishati ya bondi ni gharama ya kuvunja, na gharama tunailipa kwa vitu vya kushoto, halafu vya kulia vinatulipa vinapojiunga. Enthalpi ya uundaji inahesabiwa kutoka kwenye elementi kwenda kwenye kitu. Vya kulia tunavijenga, basi tunazichukua kama zilivyo. Vya kushoto tunavibomoa kurudi kwenye elementi, basi alama inageuka. Ukilielewa hilo, alama haitakusumbua tena.

Nije kwenye CO. Kitabu chako kiko sahihi. Ukichoma kaboni kwa oksijeni ya kuhesabu ukitaka ipatikane CO tupu, haikutii. Sehemu yake inaendelea hadi CO₂, na joto ulilopima linakuwa mchanganyiko wa mambo mawili. Aliyetufungulia mlango ni Germain Hess, mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi St. Petersburg nchini Urusi. Mwaka 1840 alionyesha kwamba joto la mmenyuko, kwa ujumla wake, halitegemei idadi ya hatua ulizopitia.

Fikiria safari yako ya kuja huku kwetu Kigoma. Unaweza kupanda treni ukapita Urambo, Kaliua na Uvinza. Unaweza kuzunguka kwa basi kupitia Nzega, Kahama, Nyakanazi, Kibondo na Kasulu. Nauli, vumbi na uchovu vitatofautiana. Lakini Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na ziwa Tanganyika liko kama mita 770, na ukifika ufukweni utakuwa umeshuka kama mita 430 kwa vyovyote vile, hata kama njiani ulipanda milima ya Kasulu. Enthalpi ni kama huo mwinuko.

Basi, kutoka kaboni hadi CO₂ kuna njia mbili. Ya moja kwa moja inapimika: −393.5. Ya kupitia CO ina hatua mbili, na ya pili, yaani kuichoma CO iwe CO₂, nayo inapimika vizuri: −283.0. Hatua ya kwanza lazima iwe kinachobaki: −393.5 − (−283.0) = −110.5. Hakuna aliyeipima, na bado tunaijua.

Jambo hili unaliona kwenye jiko la mkaa. Ule mwali wa bluu unaocheza juu ya mkaa uliokolea ni CO iliyotengenezwa chini, kwenye uhaba wa hewa, inamalizia kuungua juu. Ukiliziba jiko, CO inatoka bila kuungua, na kila moli ya kaboni inakupa 110.5 badala ya 393.5. Zaidi ya robo tatu... hapana, piga mwenyewe: 283 kwa 393.5 ni asilimia 72 ya joto inayokwenda bure. Na hasara hiyo ndiyo ndogo. CO hushika himoglobini ya damu kwa nguvu kuliko oksijeni inavyoishika, haina harufu, na mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa anaweza asiamke. Tafadhali waambie na nyumbani.

Wewe na mwenzako jaribuni propani, iliyomo kwenye mitungi ya gesi. Enthalpi yake ya uundaji ni −103.8, namba nyingine zote ninyi mnazo. Mmoja aache maji yawe kimiminika, mwingine yawe mvuke. Mkipata −2,220 na −2,044, mko sawa. Kisha mnieleze ile 176 imetoka wapi kabla hamjafungua jedwali.