Usilipie madesa ya CCNA, mkuu. Mimi yalinizimia ghorofa nzima

Mkuu, hiyo hela usiitume. Unasema una diploma, una milioni moja na nusu, na kuna kituo kinakuahidi CCNA, kile cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco, ndani ya wiki sita, "na maswali yote tunakupa", yaani madesa, maswali ya mtihani yaliyovuja pamoja na majibu yake. Hayo maneno ya mwisho yamenirudishia homa.

Mimi nilipita kituo cha aina hiyo. Yule jamaa, siwezi kumwita mwalimu, alitugawia faili la madesa akatuambia tukariri herufi za majibu, na maana yake tutaijua kazini. Tukakariri. Dola 300 za mtihani, dakika 120 kwenye kiti, nikatoka natabasamu. Mama akapika pilau.

Wiki ya pili kazini nikaambiwa nipitishe VLAN 30 (VLAN ni kimtandao kilichotengwa ndani ya mtandao mkubwa) kwenda ghorofa ya tatu. Kitu cha dakika moja. Nikaingia kwenye swichi kubwa ya chini, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao, kwenye poti ya kwenda juu nikaandika:

switchport trunk allowed vlan 30

Anayeijua kazi ameshashika kichwa. Nilitakiwa kuandika "allowed vlan add 30". Bila hilo neno "add", swichi haiongezi, inafuta orodha yote ya zamani na kubakiza 30 peke yake. Uhasibu walikuwa VLAN 10, simu za mezani VLAN 20. Kimya. Na ilikuwa tarehe ya mishahara, aisee, ni kama nilichagua siku.

Sasa sikia ujinga. Nikapanda juu kuzima na kuwasha swichi ya ghorofa ya tatu, wakati kosa liko chini. Nikashuka, nikazima na ile kubwa. Jengo zima likakata, ikawaka, na kosa likarudi nalo, kwa sababu nilikuwa nime-save! Kitu pekee nilichokishika darasani ni "copy run start", amri ya ku-save mipangilio, na siku hiyo ndicho kilichonimaliza. Ningekuwa mvivu kidogo tu, kuizima ile swichi kungerudisha kila kitu.

Fundi mmoja mkongwe akanielekeza kwa simu, mstari mmoja: "allowed vlan 10,20,30". Sekunde tano. Mhasibu mkuu mpaka leo akiniona anashika waya wa kompyuta yake.

Kumbe kosa hilo ungelifanya kwenye Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ambayo Cisco wanaitoa bure, ungecheka peke yako chumbani. Yule wa kituo alikuwa nayo kwenye kompyuta zote. Hakuifungua hata siku moja, mshenzi yule. Na Cisco wakikunasa na madesa wanaweza kukufutia cheti, hilo naye hakulisema.

Kwa hiyo mimi nina sharti moja: hulipi mtihani mpaka uwe umejenga mtandao mwenyewe toka sifuri, swichi tatu na ruta moja, ukauvunja makusudi, ukaurudisha bila kuchungulia popote. Mara kumi. Mtihani wa CCNA, namba yake 200-301, utaukuta pale pale.

Uliuliza pia laptop gani na kama uanze na Network+, cheti kingine cha mitandao... laptop yoyote yenye RAM ya GB 8, hayo mengine wengine watakujibu.

Leo usiku gawanya anwani za mtandao wa 192.168.10.0/24 kwenye mafungu manne yaliyo sawa, uniambie kwa nini kompyuta haiwezi kupewa 192.168.10.127. Ukishindwa, hela ibaki kwenye simu.