Mama katoka kijijini mzima, Dar presha imepanda

Dada mmoja wa Mbagala ameniandikia wiki hii. Mama yake alitoka Morogoro vijijini akiwa na nguvu za kubeba ndoo kichwani. Miezi minane baadaye zahanati wamesoma 158/96, na majirani wanasema ni hewa ya mjini. Dada yangu, hewa usiisingizie.

Huenda presha hiyo alikuja nayo. Presha haiumi, na kijijini ni nadra mtu kupimwa kama hajaugua. Lakini pia mwili wake umeachishwa kazi ghafla. Watafiti waliwahi kuwafuatilia watu waliohama Morogoro vijijini kuja Dar es Salaam: ndani ya miezi 12 uzito wao ulipanda zaidi ya kilo 2 kwa wastani. Wanaume waliofanya kazi za kutoa jasho walikuwa karibu 8 kati ya 10. Wakashuka hadi chini ya 3. Shamba na kisima vimebaki kule, huku kuna geti, kochi na runinga. Inaniuma tunavyowaleta wazazi wetu tukidhani kuwapumzisha ni kuwakalisha.

Kabla ya lolote, mpime upya vizuri. Aende haja ndogo kwanza, akae dakika 5 ameegemea kiti, miguu chini bila kukunja nne. Mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba zinapanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene, vilevile. Na asiongee! Pima mara mbili, ukiachia dakika 1, asubuhi na jioni kwa siku 7, uandike kwenye daftari. Siku ya kwanza usiihesabu. Wastani ukifika 135/85 nyumbani, mpeleke kwa daktari na daftari lake. Ikigonga 180/120 huku kifua kinabana, mdomo umepinda au maneno hayatoki sawasawa, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Jikoni, tatizo ni chumvi. Kiasi cha mtu mzima hakizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa, na mkate, chipsi na viungo vya pakiti vimo humo. Nyumba ya watu wanne, asubuhi weka vijiko 2 vya chai kwenye kikopo. Mapishi ya siku nzima yatoke humo, na chumvi ya mezani iondoke. Badala ya sembe, mrudishieni dona aliyoizoea.

Kutembea, dakika 30 kwa siku tano za wiki, saa 12 na nusu asubuhi kabla jua halijachoma. Mpe na viroba vitatu vya udongo uani apande matembele. Akiinama, akimwagilia na kuchuma, mwili unafanya kazi anayoijua.

Akianzishiwa vidonge, asiviache presha ikishuka. Imeshuka kwa sababu anavimeza. Akirudi kijijini kusalimia, abebe vya siku zote za safari na wiki moja ya ziada.