Mwandishi Akikukana: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema hadithi ile ya baba mkali uliisoma kama fumbo la utawala wa mabavu, kisha mwandishi akahojiwa akasema yeye alimwandika baba tu. Unauliza kama sasa uifute fasiri yako.

Usiifute kwa sababu hiyo peke yake. Mwandishi ni shahidi muhimu, lakini si hakimu. Anajua alichokusudia; lakini kama maneno yake yalibeba hicho tu, hilo ni jambo jingine. Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipokuwa akijitetea mahakamani Athens alisema aliwahi kuwahoji washairi juu ya mashairi yao, akakuta karibu kila aliyekuwapo angeyaeleza vizuri kuliko wao. (Alikuwa na ulimi mkali mzee yule, lakini hapo simbishii.)

Ila usikimbilie upande wa pili. Mhakiki Mfaransa Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, yaani kwamba maana ya andiko haitawaliwi na aliyeliandika, wapo waliodhani msomaji ameruhusiwa kusema lolote. Hapana. Maneno yenyewe yanamfunga. Kuna kijitabu cha kejeli ambacho Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, alikitoa mwaka 1729 bila kutia jina lake. Msimuliaji, kwa hesabu kavu za karani, anashauri watoto wa maskini wa Ireland wakifika mwaka mmoja wauzwe, waliwe. Msomaji aliyekipokea hivyo hakuwa na jina la mtu wa kumuuliza kama anatania. Angejuaje? Asome hadi karibu na mwisho. Pale msimuliaji anakataa katakata kuambiwa njia nyingine, halafu anazitaja mwenyewe moja baada ya moja: kuwatoza kodi wenye mali wanaoishi nje, kutumia bidhaa za nyumbani, wenye ardhi kuwaonea huruma wapangaji wao japo chembe. Dawa yenyewe ndiyo hiyo, imewekwa kinywani mwa anayeikataa. Anayekisoma kijitabu kile kama ushauri wa kweli amekosea, na kosa lake unamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari.

Nawe jipime hivyo hivyo. Uliniandikia kwamba baba yule hatajwi jina hata mara moja, na kwamba majirani hushusha sauti wakimzungumzia hata akiwa safarini. Hayo yana uzito, mwandishi apende asipende. Lakini kusema mbwa aliyekufa mle hadithini ni katiba? Hapo sijaona neno hata moja la kukubeba. Mbwa huyo mwache.

Mzazi wako