Mkwe Hakuonekana Jamvini

BARUA

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka 11 na wa kike ana miaka 6, na tunaishi Bagamoyo. Likizo hii ya Desemba mume wangu alitutoa matembezi kwa gari letu: kwanza Lushoto, kisha tuteremke Tanga kumsalimia babu yangu mzaa mama huko Ngamiani, na watoto wapate kuyaona Mapango ya Amboni. Tukiwa Lushoto simu zetu zilikuwa zimezimika kwa kukosa chaji, na tulipoziwasha saa nne asubuhi tukakuta habari kwamba babu amefariki alfajiri. Tuliteremka mbio, lakini tulifika baada ya alasiri, wanaume wakiwa wanarudi kutoka makaburini.

Siku ya pili watoto walikuwa wanasumbua, mume wangu akawachukua akawapeleka Amboni, akaweka picha zao kwenye stetasi ya WhatsApp. Mimi nilikuwa uani na wanawake tunachambua mchele. Simu ya binamu yangu ikapita mkono kwa mkono juu ya ungo, na mama mkubwa akasema kwa sauti kwamba mjukuu wao ameolewa na mtalii. Jioni mjomba mdogo akamwambia mume wangu maneno hayohayo mbele ya watu. Kesho yake asubuhi, kabla ya hitma, mume wangu akaamua tuondoke. Sasa anasema hakanyagi tena nyumba ile, hata siku ya arobaini, kwa kuwa alitoa ubani mkubwa kuliko wakwe wote na bado akavunjiwa heshima. Mwanangu mkubwa kila siku anauliza kwa nini hatukusubiriwa. Mama yangu amenyamaza tu. Je, kosa letu ni kubwa kiasi hicho? Na arobaini niende peke yangu?

Mama wa Wawili, Bagamoyo

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu babu yenu, na ampe bibi yenu subira katika eda yake.

Nianze na lile la maziko, kwa kuwa nadhani ndilo lililokutia uchungu kabla ya mengine yote. Hakuna aliyewadharau. Dini yetu imehimiza maiti aharakishiwe, na mtu aliyefariki alfajiri, ambaye watoto wake wapo, sanda ipo na kaburi limeshachimbwa, hawekwi hadi jioni kwa ajili ya mjukuu ambaye simu yake haipatikani. Wajomba zako walifanya walivyopaswa. Nanyi pia mlifanya mlivyopaswa, maana kuteremka kutoka Lushoto hadi Mombo, kilomita kama 33 za kona na mabonde, kisha kupita Korogwe, Segera na Muheza hadi mjini Tanga, si njia ya kukimbizwa na mtu mwenye watoto ndani ya gari. Mumeo aliyewafikisha salama siku ile alistahili kushukuriwa, na sidhani kama yupo aliyemshukuru.

Ama hayo matembezi yenyewe, mimi siyahesabu kuwa kosa. Mlitoka nyumbani kwa likizo, msiba ukawakuta njiani. Mtoto wa miaka 6 hawezi kukaa kutwa nzima katika nyumba yenye vilio na watu wanaomkataza kucheza, na mtu mzima akimtoa kwa saa mbili akapumue, amewasaidia hata wenye msiba. Angewapeleka Raskazone wakaitazama bahari na kurudi kabla ya adhuhuri, pasingekuwa na neno. Kwamba alichagua Amboni, hilo limewachoma zaidi watu wa umri wangu, kwa sababu ukiacha popo na mawe ya chokaa ambayo wageni huja kuyatazama, humo pangoni mna sehemu ambayo watu hupeleka sadaka na kufanya matambiko, na mama yako mkubwa alipoiona ile picha huenda hakuona pango la utalii, bali aliona wajukuu zake wamepelekwa mizimuni siku ya pili ya matanga. Mumeo hakulijua hilo, nami simlaumu kwa asilolijua. Ile picha, hata hivyo, ingeweza kungoja.

Sasa yasome tena maneno ya mama mkubwa. Hakusema watoto wametembea. Alisema mjukuu wao ameolewa na mtalii. Aliyekuwa akisemwa ni mumeo. Mimi mwenyewe ni mama mkubwa wa watu kadhaa, na ninajua tunaangalia nini tukiwa uani: tunaangalia waume wa binti zetu wako wapi. Ni nani aliyekwenda kuazima masufuria, nani yuko na wapishi kwenye kuni, nani anawapokea wanaokuja kutoa mkono wa pole na kuwatafutia mahali pa kukaa, nani alilala jamvini na wajomba usiku. Mkwe haamrishwi kufanya hayo. Hujitia mwenyewe, na hapo ndipo anapopendwa. Asipoonekana siku ya pili, wakati wageni wa mbali wanaendelea kuingia, pengo lake huonekana kuliko hata la mtoto wa marehemu, kwa kuwa mtoto wa marehemu ana udhuru wa huzuni.

Nadhani ninajua pia kilichompoteza mumeo. Kwetu pwani babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na kijana anayekuja kumwoa huwa ndiye mwizi aliyemnyang'anya, kwa hiyo kila wakionana ni vicheko na kudaiana fidia. Ikiwa mumeo alizoeana na marehemu kwa namna hiyo, basi miaka yote ameingia katika nyumba ile kwa mlango wa utani, ambao hauna masharti mengi. Babu alipofariki mlango huo ulifungwa. Aliyebaki mbele ya wajomba ni mkwe, mtu anayepimwa kwa adabu na mahudhurio yake, na hakuna aliyemweleza kwamba mambo yamebadilika tangu alfajiri ile. Wewe ndiye uliyekuwa na nafasi ya kumweleza, lakini ulikuwa unalia, na mtu hadaiwi mafunzo siku aliyofiwa.

Mweleze sasa, watoto wakishalala, na umweleze kama habari aliyokuwa haijui, si kama mashtaka. Kuhusu ubani wake, mwambie kwamba haukupotea: ulinunua mchele, ulilisha watu, na Mwenyezi Mungu ameuona. Lakini ubani haukai jamvini badala ya mtu, na kila anapotaja kwamba ulizidi wa wenzake anauharibu, kwa sababu daftari la ubani ni la wenye msiba kulisoma, si la waliotoa.

Lililo zito kuliko yote katika habari yako umelipita kwa sentensi moja. Mliondoka asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya hitma. Mafundisho ya dini yanawapa wafiwa siku tatu za kuomboleza, isipokuwa mjane, ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi, na kwa desturi yetu siku hiyo ya tatu ndipo watu wanaposoma, wakala pamoja, wakazungumza habari za madeni ya marehemu na wasia wake, matanga yakaanuliwa na kila mtu akaaga kwenda kwake. Anayetoka kabla ya hapo pasipo kuaga huchukuliwa kuwa amekata undugu, hata kama ndani ya gari alikuwa analia hadi Segera. Pango lingesahaulika baada ya wiki moja. Kuondoka huku hakutasahaulika kwenyewe. Angalau mngeingia chumbani mkamwaga bibi.

Mjomba mdogo naye hakufanya vyema, na sitaki udhani kwamba nimelifumbia macho jambo hilo. Mkwe akikosea huitwa pembeni, na mwenye kumwita ni mjomba mkubwa au mzee wa ukoo. Hasemwi hadharani na mtu aliye karibu naye kwa umri. Lakini huyu ni mtu aliyemteremsha baba yake kaburini jana yake tu, nami simdai adabu zake zote kwa siku kama ile.

La kufanya ni kutoingoja arobaini. Ukihesabu, itaangukia mwishoni mwa Januari, shule zimeshafunguliwa na nyumba imejaa watu, na mambo ya namna hii yakizungumzwa penye watu wengi hugeuka kesi. Nendeni kabla ya shule kufunguliwa, nyote wanne. Mkitoka Bagamoyo baada ya swala ya alfajiri mkashika ile lami ya kilomita 64 hadi Msata, kisha mkaifuata barabara kuu kwenda Segera, mtafika Tanga mapema na mtapata nafasi ya kukaa, wala msipange kulala hotelini. Laleni palepale kwa bibi, hata ikiwa ni kwenye mikeka.

Mumeo mwenyewe ampigie simu mjomba mkubwa kabla ya safari, kwa maneno machache tu, kwamba anakuja kumsalimia na kumtazama bibi. Asijieleze kwenye simu. Akifika aseme kwamba aliondoka pasipo kuaga na kwamba anaomba radhi kwa hilo, asiongeze; asitaje pango, asitaje picha, asitaje ubani, wala asitaje neno la mjomba mdogo. Mjomba mkubwa akiwa na busara, na wengi huwa nayo wakishaachiwa nyumba, atamwita mdogo wake mwenyewe. Wewe kwa upande wako nenda uani kwa mama mkubwa, umwamkie, ushike kazi utakayoikuta inafanywa. Katika kundi la familia la WhatsApp usiandike lolote juu ya habari hii, hata maneno ya upatanishi, kwa maana humo yatasomwa na watu ambao hawakuwapo na kila mmoja atayapa sauti yake.

Bibi yuko katika eda. Hajipambi wala hajitii manukato, kwa hiyo msimchukulie udi, marashi wala vikuba vya asumini, hata kama ndivyo ulivyozoea kumpelekea. Mchukulieni sukari, mchele, mafuta ya kupikia na sabuni, maana nyumba iliyotoka kulisha watu wengi hubaki kabati tupu wiki zinazofuata, wakati ambao wageni wameshakwisha kuondoka. Mumeo asiogope kuingia kumsalimia. Bibi wa mke ni maharimu wa mume kama alivyo mama mkwe, na eda haimzuii kuonana naye. Akae chini, amsikilize. Kama bomba la uani linavuja au taa ya ukumbini imeungua, alishughulikie jambo hilo siku hiyohiyo pasipo kutangaza.

Sasa kijana wako. Mwambie ukweli kama ulivyo: babu alifariki, Waislamu hatumcheleweshi maiti, na hakusubiriwa mtu yeyote. Usimwambie kwamba babu amelala au amesafiri, kwa sababu mtoto anayeambiwa hivyo hungoja, na huyu tayari anangoja. Halafu baba yake ampeleke makaburini. Aliyeikosa swala ya jenaza anaweza kuiswali kaburini kwa mafundisho ya madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, na imamu wa msikiti wa mtaani atawaelekeza vizuri kuliko mimi. Mtoto wa miaka 11 atasimama pamoja na baba yake, na ile Yasini aliyoisoma madrasa ataisomea palepale babu yake alipolazwa. Ombeni mjomba mdogo ndiye awaonyeshe kaburi. Wanaume wawili waliokoseana wakisimama mahali kama pale hawahitaji kuzungumza sana.

Arobaini usiende peke yako ukamwacha mumeo nyumbani kwa hasira, kwa kuwa hapo utakuwa umeyathibitisha maneno ya mama mkubwa mbele ya ukoo mzima. Zipo familia zinazoisoma arobaini na zipo zisizoisoma. Kama yenu inaisoma, nendeni wawili na mfike siku moja kabla, wakati kuna kazi. Ikiwa mumeo atakataa safari hii ya kwanza pia, usimburure. Nenda wewe na watoto, mwombee radhi kwa bibi, na umwombe bibi ampigie simu mjukuu mkwe wake kumsalimia. Wako wanaume wanaoweza kumkatalia mjomba. Wachache wanaweza kumkatalia mjane aliye katika eda.

Jambo la mwisho ni mama yako, ambaye katika barua nzima umempa sentensi moja, kwamba amenyamaza. Mwanangu, aliyefiwa na baba ni yeye. Dada yake amemtukana mkwewe, mdogo wake ameongeza, mkwewe ameondoka na binti yake kabla ya hitma, naye amebaki katikati akipokea mikono ya pole; ungetaka aseme nini, na amwambie nani? Mpigie leo, wala usimpigie kumwuliza nani ana haki. Mwulize kama anakula, na kama usiku analala kwake au kwa bibi, kisha mwache amzungumzie baba yake kwa muda wowote atakaoutaka. Mkimaliza hayo, ndipo umwulize ni siku ipi kati ya hizi mkija itawafaa yeye na bibi.