Apdeti ikikuuliza kuhusu faili la konfigi, usikimbilie Y

Hili nawaambia kila mara watu ninaowasaidia seva zao na bado linajirudia. Mtu anaapdeti seva ya Linux, Debian au Ubuntu, katikati dpkg (programu inayosakinisha vifurushi) inasimama inamuuliza kuhusu faili fulani ndani ya /etc, folda la mafaili ya konfigi, yaani mipangilio, ana haraka, anabonyeza Y, basi mipangilio yake yote inasogezwa pembeni kama .dpkg-old na servisi inawaka na konfigi mpya isiyojua lolote kuhusu kazi zake. Lile swali linakuja kwa sababu wewe ulihariri faili na waliotengeneza kifurushi nao wamelibadilisha, angebadilisha mmoja tu usingeulizwa kitu. Bonyeza D kwanza uone tofauti, kama huna muda jibu N, faili lako linabaki na jipya linakaa pembeni kama .dpkg-dist. Arch, Linux nyingine, yenyewe haiulizi, inakuachia .pacnew, na Fedora .rpmnew.

Sasa hapo kwenye N ndo wengi wanaishia, na ndo panaponiuma, maana yale mafaili yanarundikana, kuna mpangilio unafutwa kwenye toleo jipya huku kwako bado upo, halafu siku servisi inagoma kuwaka hujui pa kuanzia. Kila baada ya apdeti pitisha hii:

find /etc -name '*.dpkg-dist' -o -name '*.pacnew' -o -name '*.rpmnew'

Ukishayapata usilinganishe mafaili mawili tu. Diff ya mawili inakuonyesha yanapotofautiana ila haikwambii mstari upi uliandika wewe na upi wameubadilisha wao, unabaki kukisia. Unahitaji na la tatu, lile la asili kabla hujaligusa, unaweza kulitoa kwenye kifurushi cha zamani kama bado kipo kwenye /var/cache/apt/archives au /var/cache/pacman/pkg. Halafu yaunganishe yote matatu kwa git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili:

git merge-file -p langu asili jipya > /tmp/matokeo

Mlipogongana itaweka alama, hapo unaamua mwenyewe. Mimi seva mpya yoyote naiwekea etckeeper kabla sijagusa kitu, inaiweka /etc yote kwenye git kwa hiyo la asili lipo siku zote.

Matokeo yarudishe kwa cp juu ya faili lililopo, sio mv, ili ruhusa na mwenye faili visibadilike. Na pima kabla ya kurestati: nginx -t, sshd -t, visudo -c. Kwenye SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, usifunge ile taminali uliyomo mpaka umeingia upya kupitia nyingine, tafadhali sana. Halafu passwd.pacnew na shadow.pacnew usithubutu kuziweka mahali pa zako, zina akaunti za mfumo tu, za watu wako zitapotea.

Ila ukiweza, faili kuu liache lilivyo na ya kwako weka kwenye /etc/ssh/sshd_config.d au /etc/sudoers.d, na kwa systemd, inayowasha servisi, tumia systemctl edit. Kwa sshd thamani inayosomwa kwanza ndo inashinda, na Debian imeweka Include, mstari unaosoma sshd_config.d, juu kabisa, kwa hiyo yako inatangulia na apdeti haikuulizi tena.