Nati pekee hazitoshi kushika ekseli ya mota

Ukiuliza kama nati pekee zinatosha kushika ekseli ya mota ya baiskeli ya umeme, jibu ni hapana, hasa kwenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya alumini. Mota ya ndani ya kitovu inaposukuma gurudumu mbele, ekseli nayo husukumwa kuzunguka kinyume, na kinachoizuia ni zile kingo zake mbili bapa, ambazo hutanua mdomo wa foku, yaani mwanya ekseli inamokaa, hadi alumini ikapasuka ghafla. Ekseli ikishageuka, nyaya zinazopita ndani yake hujisokota na kukatika, pengine na kontrola, kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, ikaungua. Magurudumu ya namna hiyo huletwa gereji kwetu. Funga bamba nene la chuma lenye tundu linalobana ekseli barabara, upande wa pili likazwe kwenye foku. Mota ya wati 250 kwenye foku ya chuma huvumilia zaidi, ila kama breki yako hurudisha umeme kwenye betri, funga mabamba mawili.